Baina ya Maduara Mawili: Remmy Ongala na Albamu ya Mambo

Albamu iitwayo Mambo, ya Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila, ilitoka mwaka 1992 chini ya lebo ya Real World ya Uingereza. Tangu hapo, kila wapenzi wa dansi wakutanapo na jina hilo likatajwa, hawakosi kutofautiana. Wapo wasemao kuwa hapo ndipo Daktari alipofika kileleni: sauti ilitakata, magitaa yaling'aa, na muziki wa Dar es Salaam ukasikika katika nyumba za watu ambao hawakujua hata Tanzania iko pwani ipi ya Afrika. Wapo pia wasemao kuwa hapo ndipo alipoanza kutuponyoka. Sikusudii kuwapatanisha. Nakusudia kuihoji albamu yenyewe juu ya jambo ambalo sisi watunzi na wafasiri wa mashairi hatuwezi kulikwepa: msikilizaji akibadilika, ni kitu gani hubadilika ndani ya utungo, na ni kitu gani hukataa kubadilika?

Naandika kutoka Nyalikungu, katika mji wa Maswa, mahali ambapo bahari ni neno la vitabuni na la redioni. Albamu hii ilipotoka tulikuwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Msomaji wa visiwani atauliza nchi ya pamba na mbuga ina uhusiano gani na sahani iliyorekodiwa Uingereza na mtu wa Dar es Salaam aliyezaliwa Kongo. Uhusiano upo, nao ni wa kipimo. Baada ya mavuno, nyakati za kiangazi, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake hurudishwa kwa mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hucheza katika uwanja mmoja na kwa wakati mmoja, kila kimoja na duara lake. Kwa desturi ya asili hapakuwa na mwamuzi mwenye kalamu na karatasi. Watu wakijaa kwenye duara hili, hili ndilo lililoshinda. Wakihama, ushindi umehama pamoja nao. Ndiyo sababu kila manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, hutafuta dawa ya kuvuta watu, na dawa hiyo ina jina lake: samba.

Mambo ni albamu ya mtu mmoja aliyetaka kuyachezea maduara mawili kwa mara moja. Nitaipima hivyo.

Kwanza tumkumbuke mwenyewe. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 katika nchi ya Kindu, mashariki ya Kongo, kwenye Kiswahili ambacho watu wa pwani hukisikia kwa mshangao, kama mtu aonaye sura ya nduguye katika uso wa mgeni. Alipenda kusimulia kuwa mama yake alikwisha kufiwa na watoto kabla yake, mganga akaagiza mimba hii isizaliwe hospitali, na kwamba yeye alitoka tumboni akiwa na meno mawili ya mbele, dalili ya uganga. Nywele zake hazikukatwa kwa sababu hiyo, na jina la Daktari lilimkaa kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1978 aliingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Huko akatunga Siku ya Kufa. Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki na kujiunga na Matimila, ambayo chini ya uongozi wake ikawa Super Matimila. Mtindo wake aliuita Bongo Beat. Mtaa wa Sinza alikoishi una kituo cha mabasi kiitwacho Kwa Remmy hadi leo, na sidhani kama kuna malenga wetu wa vitabuni aliyewahi kupewa heshima ya namna hiyo na makondakta.

Ili kuelewa kilichogeuka mwaka 1992 ni lazima tukumbuke sauti ya kabla yake. Upande wa Bara redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na studio ya kurekodia ilikuwa kwa hakika ile ile ya redio. Bendi iliingia nzima, ikapiga nzima, na kilichonaswa na vipaza sauti vichache ndicho kilichobaki katika utepe. Kutengeneza santuri Nairobi lilikuwa jambo zito: mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983. Kwa hiyo wimbo haukutungwa kwa ajili ya santuri. Ulitungwa kwa ajili ya ukumbi, na riziki ya mwanamuziki ilikuwa kiingilio cha mlangoni. Ukumbi hauna haraka. Wimbo ulianza polepole, mwimbaji akaeleza kisa, akalalamika, akauliza, akaitwa na kuitika; kisha gitaa la solo likafungua mlango na watu wakaingia katika sehemu ya pili, ile iliyoitwa chemko, ambako maneno hupungua na miili husema. Dakika nane au kumi hazikuwa nyingi.

Katika muundo huo Remmy alikuwa na jambo lake la pekee. Hakuwa na sauti tamu kama ya Marijani Rajabu, wala hakuwa na ile sauti pana ya Mbaraka Mwinshehe. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo. Alighani zaidi ya kuimba, na alighani kama mtu aliyesimama mlangoni mwa nyumba yenye msiba akiwahesabu waliofika. Msomaji wa pwani asitafute vina na mizani katika tungo zake, hatavipata. Lakini atapata takriri, atapata wito, atapata maswali yanayopandana moja juu ya jingine mpaka yawe na uzito wa hoja. Wimbo wake wa Kifo ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Hauna ufundi wa arudhi hata kidogo, na bado nimeona watu wazima wakiusikiliza kwa namna wanavyosikiliza utenzi: kimya, macho chini.

Safari ya nje ilianza kwa kanda moja. Rafiki Mwingereza aliyekuwa akirejea kwao aliichukua, ikawafikia watu wa tamasha la WOMAD, nao wakamwalika mwaka 1988. Nyuma ya tamasha hilo, na baadaye nyuma ya lebo ya Real World, alikuwapo Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki ambaye naye alikwisha kuacha bendi iliyompa jina, Genesis, akaenda kutafuta midundo ya mbali. Mwaka 1989 ikatoka Songs for the Poor Man, na mwaka 1992 ikafuata Mambo.

Hapa kuna jambo dogo ambalo kwangu mimi lina maana kubwa. Albamu ya 1989 ina jina la Kiingereza juu ya kasha, lakini ukiifungua unakutana na Nasikitika, na Sauti ya Mnyonge, na Muziki Asili Yake Wapi. Kiingereza kimesimama mlangoni tu, kama mwenyeji anayekaribisha wageni. Ndani ya nyumba watu wanazungumza kwao. Albamu ya 1992 imegeuza mpango huo. Juu ya kasha kuna neno la Kiswahili, tena neno tamu, lenye kubeba habari, matatizo, shughuli na salamu ya vijana wa mjini kwa pamoja. Ndani yake Kiingereza kimeingia hadi sebuleni: One World, No Money, No Life. Neno Mambo lilikuwa tayari na historia kwa Remmy. Karibu mwaka 1990 alikuwa ametoa Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuwahimiza watu kutumia kondomu wakati ukimwi ulipokuwa ukituzika, na redio ya taifa ilikataa kuupiga. Wimbo ukazunguka nchi nzima kwa kanda. Kwa hiyo alipolitoa neno lile lile kuwa jina la albamu, msikilizaji wa nyumbani alisikia zaidi ya alichosikia mnunuzi wa London. Huyo wa London alisikia neno zuri la Kiafrika. Wa nyumbani alisikia kikohozi cha mtu aliyekwisha kunyamazishwa mara moja.

Sasa sauti yenyewe. Anayetoka katika rekodi za Radio Tanzania akaingia katika Mambo huhisi kama mtu aliyefutiwa vumbi kwenye miwani. Kila gitaa limepewa mahali pake. Rithimu haijikwai tena kwenye solo, besi ina umbo, ngoma zimesogezwa mbele. Batii Osenga, mpiga solo ambaye mchango wake katika bendi hii haujapata kuandikwa inavyostahili, anasikika katika pumzi zake zote. Huu ni utajiri, na sioni haya kuupenda. Wale wanaosema kuwa usafi wa studio uliua roho ya dansi wanapenda ukungu zaidi ya mlima.

Lakini usafi una gharama yake, nayo si ile inayotajwa kwa kawaida. Katika utepe wa redio, sauti ya Remmy haikutenganishwa na magitaa. Alikuwa ndani yake kama mtu ndani ya umati, na ilimbidi apaze, arudie, aite. Takriri zake zilikuwa na sababu ya kimwili: mtu asiposikika hurudia. Studio ilipomweka mbele, peke yake, akisikika kwa kunong'ona tu, sababu ile ya kurudia ikaondoka. Rudio likabaki kuwa pambo. Tena nyimbo zimefupishwa, kwa vipimo vya ukumbini, na ufupi huo umeukata mwanzo zaidi ya chemko: kisa hakipati tena muda wa kusimuliwa bila haraka, tunafikishwa kwenye kiitikio kabla hatujajua nani amefiwa.

Baadhi ya wenzangu husema kuwa kosa ni kuutoa muziki wa kucheza na kuupeleka kwa watu wa kukaa na kusikiliza. Hoja hii siikubali. Sisi Wasukuma tunayo wigashe, ngoma ambayo watu huiimba wakiwa wamekaa, na hakuna aliyewahi kusema kuwa wigashe ni ngoma iliyopungua. Nanyi watu wa Unguja na Pemba mmekaa vitini mbele ya taarab kwa zaidi ya karne, mkiinuka kwenda kutunza na kurudi. Kukaa si tatizo. La kuuliza ni je, aliyekaa anaelewa anachoambiwa?

Naomba nisimame hapa kwenye suala la lugha, maana ndipo penye kazi yangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifasiri nyimbo za wigashe kuzitia katika Kiswahili, bila mwalimu, kwa kamusi na masikio ya wazee. Kitu cha kwanza kupotea katika kazi hiyo huwa si maana. Huwa ni wito. Wimbo wa Kisukuma humwita mtu kwa jina lake, na la baba yake, na la kijiji chake. Ukiufasiri kwa ajili ya msomaji asiyemjua mtu huyo, mkono unataka kuandika ndugu, au rafiki, au enyi watu. Hapo wimbo unaendelea kusema yale yale, ila hausemi na mtu. Hilo ndilo lililotokea katika One World. Ujumbe wake ni mwema, nami siupingi: dunia ni moja, tuipokee kama ilivyo moja. Lakini Remmy aliyetutia simanzi katika Kifo alikuwa akisema na mtu aliyeketi mbele yake, na huyu wa One World anasema na dunia, ambayo haikohoi wala haipangusi machozi.

Kuna na jambo la silabi. Kiswahili humalizia maneno yake kwa irabu, na mkazo wake hukaa kwenye silabi ya kabla ya mwisho. Mwimbaji akisema nakulilia, amesema katika neno moja nani analia, lini, na kwa ajili ya nani. Na bado amebakiwa na irabu iliyo wazi mwishoni, anayoweza kuivuta hadi gitaa la rithimu limwitikie. Wazo hilo hilo kwa Kiingereza huhitaji maneno manne au matano mafupi, kila moja na uzito wake, na mengi hufungwa na konsonanti. Maneno world na life hufunga mdomo. Magitaa ya Matimila yalizaliwa yakiusubiri mdomo ulio wazi. Yanapokutana na mdomo uliofungwa, husubiri kidogo, kisha huendelea na safari yao peke yao. Sikiliza One World kwa makini na utasikia hali hiyo: maneno na magitaa wakitembea njia moja kama watu wawili wasiofahamiana vizuri.

Kwa nini basi No Money, No Life inafaulu? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu Kiingereza chake hakikutoka Uingereza. Ni Kiingereza cha ubao wa daladala, cha kuta za saluni, cha mtu aliyesomea mtaani na kulipia ada kwa jasho. Remmy hakuhitaji kukifasiri. Alikikuta kinatembea Dar es Salaam. Wakati wenyewe ulikisaidia. Mwezi Februari 1991 viongozi wa chama tawala walikutana Unguja na kulegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967: kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, na nyumba za kupangisha, na mshahara zaidi ya mmoja. Wengi tukayaita maamuzi hayo Azimio la Zanzibar. Kwa robo karne wimbo rasmi ulikuwa kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Sasa mtunga nyimbo za wanyonge anasimama na kusema, kwa lugha ya wenye fedha, kuwa asiye nazo hana uhai. Je, analalamika au anatoa taarifa tu? Wimbo haukusema, na kutosema huko ndiko kunakoupa makali. Huku kwetu, mkulima wa pamba aliyesubiri malipo ya msimu uliopita alikuwa na tafsiri yake tayari.

Hapa ni mahali pa kusema jinsi albamu hii ilivyotufikia. Sahani za Real World hazikuuzwa Nyalikungu. Kilichofika ni kanda, tena nakala ya nakala, iliyonakiliwa mjini Mwanza au Shinyanga kwa mashine mbili zilizounganishwa kwa waya. Nilipoisikia mara ya kwanza, katika duka la fundi redio, besi ilikuwa imemezwa, ngoma zimekuwa vumbi, na magitaa yote matatu yamerudi kuwa mto mmoja wa matope. Yaani kazi yote ya studio ya Wiltshire, ile ya kutenganisha na kusafisha, ilikuwa imefutwa njiani, na Mambo ikatujia ikiwa na sauti ile ile ya Radio Tanzania. Kilichosalia ni sauti ya mtu na maneno yake. Kwa hiyo sisi tuliihukumu albamu kwa maneno, wakati wanunuzi wa Ulaya, ambao maneno mengi hawakuyaelewa, waliihukumu kwa sauti. Miaka mingi baadaye nilipoipata sidii safi ndipo nilipoelewa kuwa tulikuwa tukibishana juu ya vitu viwili.

Msomaji wa visiwani atakuwa amekwisha kumkumbuka Siti binti Saad, na ni haki. Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, wakiwa na ala ambazo hakuna hata moja iliyokuwa ya mashamba ya Fumba alikozaliwa. Udi, fidla na kanuni vilikuwa vimeletwa. Taarab ya kasri la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Alichofanya Siti, na Shaaban Robert alikiona vizuri alipoandika wasifu wake, ni kuutia muziki ule wa kigeni katika kinywa cha Kiswahili. Tangu hapo taarab imekopa kila kitu ilichokitaka, kutoka Misri, kutoka India, hata gitaa na kinanda cha umeme, lakini ubeti wake haukukopeshwa. Vina vilibaki vina. Taarab ilikopa ala ikaweka shairi. Mambo, katika nyimbo zake za Kiingereza, iliweka ala ikakopesha shairi. Nikiulizwa lipi ni hatari zaidi nitajibu bila kusita kuwa ni hili la pili, kwa sababu ala huzoea mikono mipya haraka, lakini maneno yaliyokopeshwa hurudi nyumbani yakiwa yamekonda.

Hata hivyo ni lazima tumtendee haki. Mtu huyu hakuwa mwenyeji wa lugha moja aliyeisaliti kwa nyingine. Kutoka Kindu hadi Dar es Salaam alikwisha kuvuka mara kadhaa, akiimba Kilingala na Kiswahili cha Kongo kabla ya kuimba cha kwetu, na hapa Tanzania aliishi miaka mingi akiitwa mgeni na watu waliokuwa wakilia kwa nyimbo zake. Kwake Kiingereza kilikuwa kivuko kingine tu. Aliyeuliza mwaka 1989 muziki asili yake wapi hakuwa na sababu ya kuogopa mipaka ambayo wengine tumeichora tukiwa tumekaa.

Na hakuyaacha maduara ya nyumbani. Katika albamu hiyo hiyo, kando ya One World, kuna wimbo uitwao Mrema. Kwa msikilizaji wa Ulaya hilo lilikuwa neno tu. Kwa Mtanzania wa 1992 lilikuwa radi. Augustine Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mtu aliyesikiliza mashauri ya wanyonge ofisini kwake na kutoa amri za siku saba. Miaka mitatu baadaye, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, aligombea urais kupitia NCCR-Mageuzi, akiwa ameipa kisogo CCM. Kumtia mtu kama huyo katika wimbo, kwa jina, ni kazi ya manju hasa, ile kazi ambayo baningi wa Usukumani wameifanya kwa watemi, kwa wakoloni na kwa viongozi wa chama. Mrema alifariki Agosti 2022. Vijana wanaousikia wimbo huo leo huuliza alikuwa nani, na aulizwaye hulazimika kueleza nusu saa. Hapo tunaona bei ya upande wa pili: wito ukiwa wa jina halisi, hauvuki bahari, na pengine hauvuki hata kizazi. One World haihitaji maelezo kwa mtu yeyote, na haimshiki mtu yeyote. Mrema uliwashika watu wote wa mwaka mmoja.

Kwa kipimo cha uwanjani, basi, albamu hii haikushinda duara lolote kwa ukamilifu. Watu wa huku walirudi kwenye nyimbo zake za zamani. Wa kule, nadhani, walihamia kwa mgeni mwingine aliyeletwa tamasha lililofuata. Yeye mwenyewe katika miaka yake ya mwisho, baada ya maradhi kumdhoofisha, aligeukia nyimbo za injili, kwa Kiswahili, na alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Lakini albamu yenye kushindwa kwa namna hii hufundisha zaidi kuliko ile ya 1989, ambayo ni nzuri tu.

Wimbo ninaoupenda humo ni Inchi Yetu. Nianze na jina. Mhariri yeyote wa Kiswahili sanifu angelifuta herufi ya kwanza, kwa kuwa sanifu inasema nchi, na inchi ni kipimo cha fundi seremala. Lakini i hiyo ni ya Kindu. Ndivyo wasemavyo watu wa mashariki ya Kongo, na si wao pekee: vitabu vya lugha vilivyoandikwa karne ya 19 kutokana na Kiswahili cha pwani yenu vinalo umbo hilo pia. Ilisafiri na misafara hadi Maniema, ikakaa huko karne nzima, ikarudi ndani ya kinywa cha mtoto wa Kindu, ikaenda kurekodiwa Uingereza. Yetu ya nani, basi? Kwa mtu wa Kongo aliyeimba Tanzania, neno hilo fupi halikuwa na jibu jepesi, na katika wimbo huu magitaa hayaendi peke yao. Yanamsubiri kila anapolimaliza, mdomo ukiwa wazi.

Kijana mmoja wa bodaboda hapa Nyalikungu anao wimbo huo katika simu yake, na amelisajili jina lake kama Nchi Yetu, bila ile i. Nilimwomba airudishe. Alinitazama, akacheka, akaniambia kuwa simu yenyewe ndiyo inayosahihisha.